Riziki ya Kalamu: Mazoea, Ujira na Haki ya Mwandishi katika Mwambao wa Waswahili

Mwandishi wa kujitegemea, yaani mtu anayeandika kwa malipo ya kazi moja moja bila kuwa na mshahara wa mwajiri mmoja, huzungumzwa mara nyingi kana kwamba amezaliwa na zama hizi za magazeti na simu za mkononi, ilhali katika mwambao wa Afrika Mashariki riziki ya namna hiyo ilikuwapo kabla ya wamisionari kuleta Unguja mitambo yao ya kupiga chapa katika karne ya 19. Pate, Siyu, Lamu na Mombasa walikuwapo watu ambao kalamu ilikuwa chombo chao cha kazi kama shoka lilivyo kwa seremala, wakiandika kwa kuagizwa, wakilipwa kwa walichokimaliza, na wakilazimika kutafuta mteja mwingine pindi kazi iliyokuwa mkononi inapokwisha. Ukifuatilia habari zao kizazi baada ya kizazi, mambo mawili hujitokeza: waliopata kazi tena na tena ni wale ambao mazoea yao mema yalionekana kwenye karatasi yenyewe, na waliodhulumika walikuwa mara nyingi ni mafundi hodari walioikabidhi kazi bila kubaki na haki yoyote juu yake.

Kazi ya kwanza ya kalamu iliyoleta ujira ilikuwa ya kunakili, nayo maana yake ni kuandika upya kwa mkono kitabu kilichokwisha kuandikwa, ili mtu mwingine apate nakala yake. Mji wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, ulipata sifa katika karne ya 18 na ya 19 kwa misahafu iliyonakiliwa na kupambwa kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, na pia kwa ufundi wa kujalidi vitabu na wa kazi za ngozi. Msahafu uliweza kuagizwa na tajiri kwa ajili ya nyumba yake, au ukaagizwa ili uwekwe wakfu, yaani utolewe kwa ajili ya Mungu usiuzwe tena wala kurithiwa, ukabaki kwa matumizi ya msikiti au ya wasomaji. Mwishoni mwa kazi kama hiyo mnakili aliandika maneno ya tamati, ambayo ni sentensi chache za kufungia kitabu, akitaja jina lake, tarehe ya Hijria, na wakati mwingine jina la mwenye kuagiza, kisha akaomba dua na msamaha kwa makosa yaliyomponyoka. Maneno hayo yalikuwa ya ibada, lakini yalifanya pia kazi ya kibiashara ambayo haifai kupuuzwa, kwa kuwa kila aliyeufungua msahafu huo miaka mingi baadaye alijua ni mkono wa nani ulioandika, na fundi asiye na duka wala kibao alitangazwa na kurasa zake mwenyewe.

Tenzi nazo zilikuwa na wanakili wao. Utendi wa Tambuka, unaoitwa pia Chuo cha Herekali, ulitungwa na Mwengo bin Athumani kwa ajili ya mtawala wa Pate na tarehe yake huhesabiwa kuwa mwaka 1728, nao una beti zaidi ya 1,100. Katika hati nyingi za zamani ubeti mmoja wa utendi, wenye vipande vinne, huandikwa katika mstari mmoja, na kila kipande hutengwa na kinachofuata kwa alama ndogo, hata vina vya kati vikapangana wima na kina cha mwisho, ambacho ndicho kinachoushikilia utendi mzima tangu mwanzo hadi mwisho, kikatengeneza safu yake pembezoni mwa ukurasa. Mwandishi anayeweka mistari 15 katika ukurasa atahitaji zaidi ya kurasa 70 kuumaliza utendi kama huo, na katika kurasa zote hizo haruhusiwi kuchoka, kwa sababu mstari mmoja ulioyumba huharibu safu zote nne na jicho la mteja hulinasa kosa hilo kabla hajasoma hata neno. Kazi ya namna hiyo haiwezi kufanywa kwa kungojea moyo upende, bali hufanywa kwa kukaa kitako kila siku, kwa mwanga ule ule na kwa kalamu ya utete iliyochongwa upya kila inapobutuka.

Ustadi mwingine uliohitajika ulihusu hati yenyewe. Hati ya Kiarabu iliyotumika kuandikia Kiswahili haikuwa na herufi zilizozoeleka kwa sauti kama p, v na ch, na alama zake za irabu hazikutenga waziwazi e na i, wala o na u. Msomaji mzawa alijazia mwenyewe kwa kuijua lugha na kwa kuukumbuka utungo, lakini mgeni alikwama. Kwa hiyo, wageni walipoanza kuja kutafuta tungo za Kiswahili katika nusu ya pili ya karne ya 19, thamani ya mwandishi aliyeweza kuongeza nukta na alama ili kila sauti isomeke ilipanda ghafla, na likafunguka soko ambalo wahenga wa Siyu hawakulijua.

Mmoja wa walioingia mapema katika soko hilo alikuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890. Alimsaidia mmisionari William Taylor kukusanya na kufafanua mashairi ya Muyaka bin Haji, mshairi aliyekufa mwaka 1840 na ambaye sehemu kubwa ya tungo zake ilikuwa ikiishi vinywani mwa watu tu. Sikujua alikuwa mshairi na mwanachuoni kwa haki yake mwenyewe, na bila ya bidii yake ya kuuliza, kusikiliza na kuandika, Muyaka angekuwa leo jina lenye beti chache tu. Hata hivyo diwani ya Muyaka ilipotoka kwa chapa mwaka 1940 katika Afrika ya Kusini, jina la mhariri lilikuwa la William Hichens. Hapana shaka kwamba Hichens aliitaabikia kazi hiyo, lakini mpangilio wa heshima katika jalada la mbele ulikuwa umegeuzwa juu chini, na kugeuzwa huko kulijirudia mara nyingi mno hata kusiweze kuitwa bahati mbaya.

Kwa jumla ya ushahidi uliosalia, aliyeifikisha kazi hii ya kuandika kwa kuagizwa kwenye kilele chake ni Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu, aliyezaliwa karibu mwaka 1855 na kufariki mwaka 1945. Alikuwa mshairi, mwandishi wa khati, mchonga mbao, mpigaji ala na mtunzi wa nyimbo za ngoma, na wingi huo wa ufundi ndio uliokuwa msingi wa uhuru wake. Mahali ambapo wateja wa vitabu walikuja kwa misimu, wengine wakitokea ng'ambo na kupotea kwa miaka, fundi mwenye kazi moja tu angekufa njaa, ilhali mwenye kuweza kuchonga mlango au kutunga wimbo wa kushindania ngomani aliweza kuingojea barua ijayo bila kuuza kalamu yake kwa bei ya kutupa. Wako wanaouona utawanyiko huu wa kazi kuwa udhaifu, kana kwamba mwandishi wa kweli hana budi kuandika tu, lakini maisha ya Kijumwa yanaonyesha kinyume chake: uchongaji haukumnyang'anya muda wa uandishi, bali ndio uliompa nguvu ya kuchagua.

Wateja wake walikuwa wengi. Alice Werner, mtaalamu wa lugha wa Uingereza aliyezuru mwambao kati ya mwaka 1911 na 1913, alipata kwake tungo za Lamu. Hichens, aliyekuwa amewahi kuwa afisa wa serikali ya kikoloni na ambaye baadaye aliishi Uingereza, aliandikiana naye barua kwa miaka mingi, na Ernst Dammann wa Ujerumani alifika Lamu mwaka 1936 na kufanya naye kazi ana kwa ana, kisha mwaka 1940 akachapisha mkusanyo mkubwa wa tungo za lahaja ya Kiamu. Hati zilizotoka mkononi mwa Kijumwa zimehifadhiwa hasa London, katika maktaba ya chuo cha SOAS, na Hamburg. Anayezitazama huona mara moja mazoea ya mtu aliyejua kwamba ukurasa ndio wakala wake: khati iliyotulia kuanzia jani la kwanza hadi la mwisho, mipaka ya mistari iliyonyooka, rangi zilizotumika kwa kiasi ili kutenga vipande na kupamba mwanzo, na jina na tarehe mahali pake. Mteja aliyekuwa London hakuwa na njia ya kumsimamia fundi aliye Lamu. Alichoweza ni kulinganisha hati iliyowasili na ile iliyotangulia, na kwa kuwa ya pili haikuwa duni kuliko ya kwanza, aliagiza ya tatu. Uaminifu wa mkono wake ndio uliomletea kazi kwa miongo kadhaa, katika mji uliofikiwa kwa jahazi na ambako barua ilichukua majuma kufika.

Lakini Kijumwa aliuza hati, hakuuza haki ya kuchapisha, kwa sababu haki hiyo haikuwahi kuwekwa mezani. Alilipwa kwa kazi ya mkono, na kilichofuata baada ya hapo, yaani uhariri, tafsiri, uchapishaji na heshima ya kitaaluma, kilikuwa mali ya mnunuzi. Mara nyingi mchango wake ulitajwa katika dibaji, tena kwa sifa, lakini sifa ya dibaji haiwafikii warithi.

Hali ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo ilikuwa kali zaidi. Huyu alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki, na maandishi yake ndiyo yaliyokuwa uti wa mgongo wa kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa mwaka 1903 na mhariri Mjerumani Carl Velten, ambaye jina lake ndilo lililokaa juu ya jalada. Mwaka 1904 Mtoro alimwoa mwanamke wa Kijerumani, na walipojaribu kurudi Afrika Mashariki serikali ya kikoloni ikawazuia wasishuke, ikawabidi warudi Ujerumani. Baadaye, baada ya miaka michache ya kufanya kazi Hamburg pamoja na mtaalamu wa lugha Carl Meinhof, alijikimu kwa kusafiri mji hadi mji akitoa mihadhara juu ya nchi yake, mpaka alipofariki Berlin mwaka 1927. Kitabu kilichotokana na kalamu yake kinasomwa hadi leo na kila anayetaka kujua maisha ya mrima kabla ya ukoloni kukomaa, ilhali mwandishi wake alimaliza umri akiuza maarifa yale yale kwa mdomo, ukumbi mmoja baada ya mwingine.

Magazeti yalileta utaratibu mwingine. Kiongozi, lililotoka Tanga kati ya mwaka 1904 na 1916, na baada yake Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923 na idara ya elimu ya serikali ya Waingereza, yalitegemea habari na mashairi kutoka kwa walimu, makarani na wasomaji waliotawanyika nchi nzima. Malipo makubwa ya kurasa hizo yalikuwa jina. Pamoja na hayo, faida yake kwa ufundi wa uandishi ilikuwa kubwa, kwa kuwa gazeti hutoka kwa tarehe maalumu na nafasi yake ina kipimo, na mwandishi anayetaka kuonekana humo mwezi baada ya mwezi hujifunza kukata maneno na kuwahi posta. Mashairi ya kujibizana yalilazimisha nidhamu ya aina yake pia: aliyetaka kumjibu mwenziwe kwa bahari na vina vile vile hakuweza kungoja mwaka upite. Mathias Mnyampala wa Ugogo, aliyezaliwa mwaka 1917, ni mmoja wa kizazi cha watu wenye ajira za serikali waliokomaa katika mazingira hayo ya kuandika pembezoni mwa kazi nyingine.

Katika kizazi hicho Shaaban Robert ndiye kielelezo, na maisha yake yanasahihisha dhana kwamba mwandishi mkubwa lazima awe aliishi kwa vitabu vyake. Alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909, akaajiriwa katika idara ya forodha tangu mwaka 1926, kisha akapita idara ya wanyama, ofisi ya wilaya ya Tanga na idara ya upimaji ardhi, hata karibu umri wake wote wa uandishi ukawa chini ya kivuli cha ukarani. Kazi yake ilifanyika katika saa zilizobaki, na wingi wa kilichotoka katika saa hizo, ukiwemo Utenzi wa Vita vya Uhuru wenye beti 3,000, hauwezi kuelezwa ila kwa mazoea ya kila siku yasiyotegemea likizo. Barua alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge kati ya mwaka 1931 na 1958, ambazo zilihifadhiwa na kuchapishwa baadaye, zina thamani ya pekee kwa historia hii, kwa kuwa humo mwandishi huonekana akiwa mtu wa familia na wa mahesabu, mwenye kuifuata miswada yake huku na huko, si mzee wa hekima aliyechongwa na vitabu vya shule. Aliwatafuta wachapishaji mbali na karibu: baadhi ya vitabu vyake vilitoka Johannesburg kwa chuo kikuu cha Witwatersrand, Kusadikika ikatoka mwaka 1951 kwa kampuni ya Nelson, na Adili na Nduguze mwaka 1952 kwa Macmillan. Mwandishi wa Tanga aliyeweza kuhimili barua za mabara mawili kwa wakati mmoja, bila wakala, alikuwa na nidhamu ya ofisi iliyomfaa zaidi ya kipaji chake peke yake.

Mwaka 1948 iliundwa ofisi ya vitabu ya Afrika Mashariki yenye makao yake Nairobi, ambayo ilitafuta miswada, ikaihariri na kuendesha mashindano ya uandishi. Mashindano yalikuwa mlango kwa mtu asiyejulikana, kwa kuwa mswada ulihukumiwa kabla ya jina. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyezaliwa mwaka 1918, aliingia kwa mlango huo: riwaya yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda katika mashindano ya mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960, na Bwana Msa akawa mpelelezi wa kwanza kupendwa na wasomaji wa Kiswahili. Tarehe za vitabu vyake vilivyofuata zinasema jambo. Alikuwa mhariri wa gazeti la Mkulima hadi mwaka 1968, na kati ya riwaya ya kwanza na ya pili, Kisima cha Giningi, ilipita miaka 8. Baada ya kuacha ajira hiyo, riwaya nne zilitoka kati ya mwaka 1973 na 1976. Alipopata siku nzima kwa ajili ya kalamu, mazoea aliyoyajenga gazetini yalikuwa tayari kuzijaza.

Waandishi wa riwaya pendwa wa Dar es Salaam katika miaka ya 1970 na 1980 walijaribu njia ya mwisho, ya kuwa waandishi na wachapishaji wa kazi zao wenyewe. Kwa kawaida mchapishaji humlipa mwandishi mrabaha, ambao ni sehemu ndogo ya bei ya kila nakala iliyouzwa, tena hulipwa baada ya miezi mingi ya hesabu ambazo mwandishi hana namna ya kuzikagua. Aliyejichapishia mwenyewe alimlipa mpiga chapa, akazichukua nakala, akazisambaza kwenye vibanda vya magazeti na maduka, na fedha ikarudi moja kwa moja mkononi mwake. Elvis Musiba na mpelelezi wake Willy Gamba, Hammie Rajab, Kajubi Mukajanga na Ben Mtobwa walisomwa na vijana ambao hawakuwahi kununua kitabu nje ya vile vya shule. Wahakiki wa vyuo vikuu waliwadharau, na dharau hiyo ilikuwa kosa, kwa sababu watu hawa ndio walioonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kumlisha mwandishi wake bila kupitia idara ya elimu. Kilichowaangusha wengi wao kilikuwa nje ya uwezo wao: uchumi ulipodidimia, karatasi ikawa adimu na ghali, na mtaji wa kitabu kimoja ukashindwa kuzaa cha pili.

Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 humpa mtunzi haki juu ya kazi yake kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, ulinzi ambao Sikujua, Mtoro na Kijumwa hawakuuonja. Sheria hiyo, hata hivyo, haimfai sana mwandishi anayelipwa kwa habari moja moja, kama walivyo maripota wengi wa kujitegemea wa leo, iwapo anakabidhi kazi bila mkataba wa maandishi na bila kubaki na nakala wala kumbukumbu ya alichokubaliana na mhariri. Kumbukumbu hizo huifaa historia pia, kwani habari za mafundi wa zamani zimeweza kuandikwa kwa sehemu kubwa kwa sababu wateja wao wa Ulaya walitunza barua. Upande wa pili, wa waandishi wenyewe, una mapengo, na hesabu za wachapishaji-watunzi wa Dar es Salaam zinaozea katika masanduku ya familia. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, makumbusho ya Lamu na hifadhi za nyaraka za Unguja, Nairobi na Dar es Salaam zinapaswa kuzifuata familia hizo sasa, zikaomba barua, stakabadhi za wapiga chapa na miswada iliyokataliwa, kabla mchwa na mvua hazijamaliza kazi yake. Na kila mwandishi aliye hai na anayelipwa kwa kipande aanze leo kutunza zake.